Ofisi ikizuia ndege, ukabaki na usukani

Marufuku ya safari za kikazi wakati wa mlipuko wa virusi mara nyingi hutaja ndege na kunyamazia barabara. Usijitafsirie. Omba jibu la maandishi: je, unaruhusiwa kuendesha mwenyewe? Bima inalipa gari binafsi likitumika kikazi? Ukirudi ukawekwa karantini, siku hizo ni za mshahara au zinakatwa kwenye likizo yako? Hili la mwisho ndilo huzua ugomvi.

Gari lililolala wiki kadhaa lipimwe upepo kabla ya kuondoka, matairi yakiwa baridi. Ukipima njiani, joto limeshapandisha kipimo, nawe utadhani mambo safi.

Mkiwa wawili, abiria akae nyuma, upande usio wa dereva. Zima kitufe cha kuzungusha hewa ya ndani ili feni ivute ya nje. Kisha shusha kioo cha mbele upande usio na mtu na cha nyuma ya dereva: upepo huingia nyuma, hukatiza kati yenu, hutokea mbele. Watu wengi hufungua kila mmoja cha kwake, kumbe mkingamo huo ndio wenye faida. Barakoa zibaki usoni.

Pumzika dakika 15 kila saa 2. Baada ya kushika pampu ya mafuta, sugua mikono kwa kitakasa chenye alkoholi isiyopungua asilimia 60, mbali na pampu maana kinashika moto, na kikauke kabla hujagusa usukani.