Derek Pringle na babake

Leo tena nimeshinda na Derek Pringle kichwani, yule mchezaji kriketi wa zamani wa Uingereza. Najua wengi wenu kriketi hamfuatilii, lakini naomba mnivumilie kidogo.

Huyu jamaa kazaliwa hapa hapa Nairobi, 1958. Babake, Donald, alikuwa mzaliwa wa Lancashire, Uingereza, aliyekuja kuishi huku, na kwenye Kombe la Dunia la kriketi la kwanza kabisa, 1975, alichezea Afrika Mashariki, ile timu iliyochanganya Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia, wakaenda Uingereza wakapigwa mechi zote tatu. Ya mwisho ilikuwa na Waingereza wenyewe, tukatolewa wote tukiwa na mikimbio (yaani pointi) 94 tu. Basi Oktoba hiyo hiyo Donald akacheza ligi hapa Nairobi, akachukua wiketi 6, yaani akatoa wapigaji sita, kwa kuachia mikimbio 16 tu, siku ambayo bola (mrushaji mpira) yeyote angeihadithia mpaka uzeeni, na akirudi nyumbani akafa kwa ajali ya gari. Derek alikuwa ndo ametimiza miaka 17.

Hapo huwa nakwama. Mzee wangu naye alituacha ghafla nikiwa form three, na koti lake nililivaa miaka, mama akilishona nikirudi kulivaa, kwa hiyo nikimwona Derek anarusha mpira kwa mkono wa kulia, kasi ya wastani, vile vile kama babake, mimi naona koti.

Juni 1982, akiwa bado mwanafunzi wa Cambridge, akaitwa timu ya Uingereza kucheza na India pale Lord's. Miaka saba kamili tangu babake asimame upande wa pili. Alicheza test 30, zile mechi za siku nyingi kati ya mataifa, leo ndani kesho nje, magazeti yakimwandama, lakini kwenye timu ya kaunti yake, Essex, kuanzia 1978 mpaka 1993, hakuna wa kumgusa, na miaka hiyo Essex walibeba ubingwa wa kaunti mara sita. Kwangu mimi hiyo ndo kriketi yenyewe, kuamka kila siku na baridi ile ukarushe tena.

Halafu ile fainali ya Kombe la Dunia pale Melbourne, 1992, Uingereza na Pakistan. Pringle alirusha ova 10 (ova moja ni mirusho sita), akaachia mikimbio 22, akachukua wiketi 3! Pakistan walikuwa na mikimbio 24, wiketi 2 zimeanguka, zote mbili zake, na mpigaji wao Javed Miandad akapigwa mguuni na mpira wake, Pringle akaomba atolewe kwa kuziba vijiti kwa mguu, ampaya (mwamuzi) akakataa, akaomba tena, ampaya akakataa. Javed akabaki, yeye na nahodha wake Imran Khan wakajenga mikimbio 139, Uingereza ikashindwa kwa mikimbio 22. Watu wanakumbuka tu hizo rufaa. Mimi nakumbuka mwisho, wiketi ya kumi, ile inayomaliza zamu ya timu, ilipoanguka mwenzake Illingworth ndo alitoka, Pringle alikuwa bado amesimama na bat yake, mikimbio 18, hajatolewa.