Kwaya ya Tukuyu

Juni hii baridi ya Mbeya imenikuta kwa Mama, Mwanjelwa, nimejifunika blanketi mbili na soksi miguuni. Usingizi ukakataa. Nikafungua simu, nikaisikiliza Dangerous ya Michael Jackson yote, nyimbo 14, kwa mara ya kwanza maishani. Na mimi ndiye niliyekuwa naimba albamu hiyo kidato cha pili kizima hadi walimu wakachoka!

Kisa ni kaseti. Albamu ilitoka Novemba 1991, na Februari iliyofuata Michael mwenyewe akaja Tanzania. Sisi wa huku juu tuliishia kusikia habari zake redioni. Kaka wa rafiki yangu alikuwa Dar. Akaja likizo na treni ya TAZARA, na kwenye begi lake kaseti halisi, ile yenye macho ya Michael yanayochungulia kwenye jalada. Akatuazima usiku mmoja tu.

Kaseti tupu sikuwa nayo, hela ndiyo kabisa. Kabatini kwa Mama kulikuwa na moja ya kwaya ya kanisani kwake, Moravian, ya dakika 60. Vile vijino vya juu vilikuwa vimeshavunjwa ili isifutike. Nikatafuna kipande cha karatasi ya daftari, nikakishindilia kwenye vitundu vyote viwili, redio ikakubali kurekodi. Bado naikumbuka ladha ya ile karatasi, na wino wake.

Sasa, albamu ina dakika 77. Hesabu hiyo sikuipiga. Upande wa kwanza ulikatika pale mtoto anapoanza kuongea mwanzoni mwa Heal the World: vineno vichache, kap! Upande wa pili ukaishia Keep the Faith. Wimbo wenyewe wa Dangerous sikuwahi kuusikia. Wenzangu wakiutaja, naitikia kwa kichwa kama mjuzi.

Ila kilichoninyima raha kilikuwa Will You Be There. Kabla Michael hajafungua mdomo, inaanza kwaya kubwa, nzito, lugha haieleweki. Mara ya kwanza nilizima redio kwa hofu. Nilijua ni kwaya ya Mama imegoma kufutika! Hata lugha nikaipatia maelezo: Wamoraviani waliofika Rungwe mwaka 1891 si walikuwa Wajerumani? Kumbe ni Beethoven, simfonia yake ya tisa. Kijerumani nilikipatia, mengine yote nilikosa.

Siku moja Mama akasimama mlangoni na ungo mkononi, wimbo uko palepale.

"Hao ni kwaya ya wapi?"

"Ya Tukuyu, Mama."

Akasikiliza. Akasema sauti za chini wamezipanga vizuri, akarudi jikoni. Kaseti yake hakuiulizia tena, na hadi leo sijui kama alijua.

Nyimbo mbili zilizobaki nje ya kaseti yangu ndizo zilizonikesha juzi. Gone Too Soon ni ya kumkumbuka Ryan White, kijana wa Marekani aliyekufa kwa UKIMWI mwaka 1990, akiwa na miaka 18. Yule kaka wa treni tulimzika 1996. Alikonda, akarudishwa nyumbani, watu wakasema kifua. Miaka ile Mbeya kila mtu alikuwa anaumwa kifua. Wimbo ulikuwa kwenye kaseti yake muda wote, dakika tatu na ushee, na mimi nilikuwa nimeishiwa mkanda.

Asubuhi nikamkuta Mama uani anaota jua, anachambua maharage. Nikaweka Will You Be There, nikaongeza sauti, nikakaa tayari kukiri kosa la miaka thelathini na kitu. Kwaya ikaanza. Mama akainua kichwa.

"Wale wa Tukuyu hao," akasema, akaendelea kuchambua.

Nikanyamaza, nikamsogezea sahani.