Luka 24 kwa siku 24: Nilivyoipata tena Krismasi yangu

Nianze na ushauri ulioniharibia Desemba nzima mwaka juzi, maana mpaka leo unanikera. Kwenye semina moja ya akina mama, mwezi wa kumi na moja, tuliambiwa Krismasi imetekwa na biashara, na hapo sibishi, ni kweli kabisa. Ila dawa tuliyopewa ndo ikawa shida. Usinunue zawadi hata moja, usipambe, zima tv, amka saa kumi alfajiri uombe saa nzima, funga mpaka tarehe 24. Mama aliyekuwa anafundisha alisema kwa nguvu sana, nikatoka pale nalia, nikasema Bwana mwaka huu ni wako.

Jioni hiyohiyo nikafika nyumbani nikatangaza. Sikumuuliza mume wangu, sikuwauliza watoto, nilitangaza tu watu wakiwa mezani: hakuna zawadi, hakuna mapambo, alfajiri tunaamka wote. Siku ya kwanza tuliamka. Ya pili tuliamka. Ya tatu yule mdogo alilala akiwa amepiga magoti, kichwa juu ya kochi, na mimi nikamtikisa bega aamke aseme amina, mtoto wa miaka sita. Siku ya tano mimi mwenyewe sikusikia alamu. Kazini nasinzia, nyumbani nimekuwa mkali kama pilipili, kila mtu namkaripia na kila karipio naliwekea jina la Yesu. Sasa jioni moja tunaosha vyombo na mwanangu wa pili, wakati huo ana miaka tisa, akaniuliza taratibu, "Mama, kwani Yesu amekasirika?" Nikamwambia kwa nini unasema hivyo. Akasema, "Si ndo bethidei yake, alafu hataki tufurahi."

Nilibaki nimeshika sahani, maji yanadondoka miguuni. Hilo swali lilinichoma kuliko mahubiri yoyote niliyowahi kusikia.

Na badala ya kukaa chini nitafakari nikafanya kinyume chake kabisa. Tarehe 22 nikatoka kazini nikaenda kununua, na nilinunua kwa hatia, yani nikiona kitu nasema huyu maskini nilimnyima, chukua, na hiki chukua, na cha mama mkwe, na cha wifi, na cha watoto wa wifi. Usiku ule mifuko ilijaa kitandani mpaka hatukuona pa kulala, nilitumia zaidi ya mwaka ambao sikuwa nimejizuia chochote. Tarehe 25 nimekaa kanisani akili iko jikoni, najiuliza kama nilizima jiko, mchungaji alihubiri juu ya hori na siku hiyohiyo mchana mume wangu alipouliza neno lipi limekugusa sikuwa na hata moja. Hata moja. Nilienda bafuni nikalia.

Kwa hiyo ukisoma mahali mtu anakwambia kata kila kitu kwa mpigo, mimi nakwambia usifanye hivyo, hasa kama una watoto. Utakata siku tano alafu siku ya ishirini na mbili utayarudisha yote na riba.

Mwaka jana ndo mambo yalikaa sawa, na yalianza kwa kitu kidogo sana. Nilikuwa natafuta pa kuanzia kusoma Biblia, nikafungua Injili ya Luka nikaona ina sura 24. Nikahesabu. Tarehe 1 Desemba mpaka tarehe 24 ni siku 24. Nilisisimka jamani. Kumbe wapo Wakristo wengi tu wanaosoma hivyo kila mwaka, mi nilikuwa sijawahi kuambiwa. Hakuna haja ya kitabu maalum, wala mwongozo, wala kununua kitu (maana hata ibada za Majilio, zile wiki za kujiandaa na Krismasi, siku hizi unauziwa). Tarehe inakwambia sura. Ukipitwa siku moja, kesho usifidie, soma ya tarehe ya kesho, kwa sababu kufidia ndo kunaua watu, unajikuta unadaiwa sura sita alafu unaacha.

Tulisoma usiku baada ya kula, vyombo vikiwa bado mezani. Saa ile ndo zamani nilikuwa naishika simu kutazama vitu vya kununua. App za kununua vitu nilizifuta mwishoni mwa mwezi wa kumi na moja, wiki ya yale mapunguzo ya Black Friday, na jumbe za matangazo nikajitoa moja moja. Hilo lilichukua kama nusu saa na lilinisaidia kuliko kufunga kwangu kote kwa mwaka juzi, maana huwezi kutamani kitu ambacho hukujua kipo.

Ila siku ya kwanza tulianguka. Luka sura ya kwanza ina mistari 80! Nilipofika kwa Zakaria anatoka hekaluni hawezi kusema, wawili wameshalala. Kesho yake nikajifunza, kila mtu anasoma kipande chake, hata yule mdogo anasoma mstari mmoja kwa kidole, na sura ikiwa ndefu tunasoma nusu, nyingine naimalizia mwenyewe kitandani. Siku ya tatu ule ukoo wa Yesu unaorudi mpaka kwa Adamu niliwaachia watoto washindane kutamka majina, walicheka mpaka basi, na wakati wanacheka nikajisemea hiki ndo nilikuwa nakitafuta.

Kuna kitu sikukitegemea. Nilidhani Desemba nzima tutakuwa kwenye hori na malaika, kumbe Yesu anazaliwa tarehe 2, siku ya nane keshatuliza dhoruba na kumfufua binti wa Yairo. Mwezi mzima unaishi na Yesu mtu mzima, anayesema, anayeuliza maswali. Na tarehe zilikuwa zinanipiga palepale nilipo. Tarehe 10 ni Martha na Mariamu. Nilishaisoma hadithi ile mara nyingi, ila mwaka jana ndo nikaona kwamba Martha alikuwa anahangaika kwa ajili ya Yesu mwenyewe, mgeni yuko sebuleni kwake! "Martha, Martha, unasumbuka na kufadhaika kwa ajili ya vitu vingi." Sikuwa nimewahi kujihesabu hapo kwa sababu shughuli zangu nyingi za Desemba ni za kanisani. Kamati ya mapambo, mazoezi ya kwaya mara tatu kwa wiki, michango, sare za kwaya. Yani nilikuwa namkosa Yesu nikiwa nyumbani kwake. Kesho yake nikampigia mwenyekiti wetu nikamwambia, mama nitaimba, ila kamati ya mapambo mwaka huu naomba mniache. Alikaa kimya, alafu akasema, "Haya mwanangu, hata mimi natamani ningesema hivyo." Kanisa lilipambwa vizuri tu bila mimi.

Tarehe 12 ni yule tajiri wa maghala, na lile neno la "uzima wa mtu haumo katika wingi wa vitu vyake alivyo navyo". Tarehe 14 Yesu anasema ukifanya karamu waite maskini, wasioweza kukulipa. Tarehe 19 Zakayo, yule tajiri anayeamua kuwapa maskini nusu ya mali yake. Tarehe 21 mjane na senti zake mbili, siku ambayo ukiiangalia akaunti yako unataka kulia. Sikupanga mimi hizo tarehe.

Sasa zawadi. Hapa ndo kwenye ujanja ninaojivunia, nauandika wote mtu autumie.

Majilio yana Jumapili 4, ya kwanza inaangukia kati ya tarehe 27 Novemba na tarehe 3 Desemba. Nilibandika karatasi kwenye mlango wa friji. Mtu yeyote nyumbani akitaka kitu cha Krismasi, mimi nikiwemo, anakiandika hapo, hakuna kununua siku hiyo. Jumapili tukitoka ibadani tunasimama wote mbele ya ile karatasi, kabla hata ya kuvua nguo za kanisani, kila mtu anatazama alichoandika na anaamua mwenyewe kama bado anakitaka. Simkatalii mtu, hiyo ndo siri, mama hana kalamu. Kilichobaki kinanunuliwa Jumatatu, kama hela ipo. Wiki ya kwanza karatasi ilijaa mpaka pembeni, vitu kumi na kitu. Jumapili vikabaki vinne. Binti yangu mkubwa alifuta viatu alivyoviandika kwa herufi kubwa na mstari chini, nikamuuliza imekuwaje, akasema, "Hata sikumbuki nilivitakia nini." Mimi nilifuta mapazia. Wiki ya tatu mdogo akaandika jina la rafiki yake wa darasani ambaye baba yake alikuwa amefariki mwaka ule, hakuandika kitu, jina tu, nikamuuliza unataka nini hapa, akasema nataka na yeye apate. Hicho hakikufutwa.

Angalizo dogo, Jumapili ya nne inaweza kuwa tarehe 24 yenyewe, kama ilivyokuwa 2023, na hapo Jumatatu ya kununua inakuwa ndo Krismasi. Mwaka wa namna hiyo ishia Jumapili ya tatu.

Jumla tulitumia labda nusu ya mwaka juzi, sikuandika hesabu. Na hakuna aliyeniambia nimemnyima.

Mapambo hatukuyaacha, ila tuliweka pango la kuzaliwa Yesu tu, lile la sanamu ndogo za udongo, na hori tukaliacha tupu. Fransisko wa Asizi, yule mtakatifu wa Italia, ndo anayekumbukwa kwa pango la kwanza, mwaka 1223 kijijini Greccio hukohuko Italia, aliweka hori lenye nyasi na ng'ombe na punda hai, watu waone kwa macho jinsi Bwana alivyozaliwa bila kitu. Niliwasimulia watoto na wakaacha kuomba taa za kuwakawaka. Mamajusi watatu, wale waliomletea Yesu zawadi, tuliwaweka mbali kabisa, dirishani chumbani kwa wavulana, kila siku wanasogezwa kidogo kuelekea sebuleni. Asubuhi moja nimechelewa kazini naharakisha, nikawakuta katikati ya korido, wamepangwa mstari, nusura niwakanyage. Nikasimama. Nilisali palepale nimeshika funguo, pengine dakika moja, na ile dakika moja ilikuwa sala kweli kuliko saa nzima ya saa kumi alfajiri.

Usiku wa tarehe 24 tulifika sura ya 24. Mume wangu alisoma Petro anakimbia kaburini, anainama, anaona vile vitambaa vya sanda tu. Alafu tukarudi sura ya pili kwa sababu niliahidi tutaisoma tena usiku huo, na yule wa swali la mwaka juzi, sasa ana miaka kumi, ndo akasoma: "akamvika nguo za kitoto, akamlaza katika hori ya kulia ng'ombe, kwa sababu hawakupata nafasi katika nyumba ya wageni." Akanyamaza kidogo. Akasema, "Mama, mwanzo wamemfunga vitambaa, mwisho kaviacha." Hakuna mtu aliyemfundisha. Nimeokoka miaka mingi sijawahi kuliona hilo. Mdogo akaenda akamlaza mtoto Yesu kwenye hori, taa tukazima, tukaimba nyimbo mbili zile tunazozijua kwa moyo na tukaenda kulala, na mimi nililala usingizi.

Kesho yake kanisani nilimsikia mchungaji neno kwa neno.

Kitu cha mwisho na hiki nilikipata kwa dada mmoja wa kanisa lingine: Krismasi haiishi tarehe 25. Kwa kalenda ya kanisa siku hiyo ndo inaanza, siku 12, mpaka tunaingia Epifania, sikukuu ya Mamajusi kufika kwa Yesu, tarehe 6 Januari. Kwa hiyo ndugu wote niliokuwa nawakimbilia kabla ya tarehe 25 niliwahamishia huku nyuma. Mama mkwe nilimtembelea tarehe 3 Januari, barabara nyeupe, maduka matupu, tukakaa mchana kutwa tunaongea, na mwaka juzi nilikuwa nimemwachia mfuko mlangoni gari linanguruma. Tarehe 6 Mamajusi wakafika hori, na zawadi za wapwa zangu tulizitoa siku hiyo, siku ya zile za dhahabu, uvumba na manemane.

Mama mkwe nilimweleza hii ya Luka siku ile, akaitikia tu, nikajua imepita. Tarehe 1 Desemba mwaka huu simu inaita saa tatu usiku, ni yeye. "Mkwe, nimemaliza hii ya kwanza yote, themanini," akasema. "Kesho ndo ya hori, sio?"