Sikukuu ya Mtakatifu Paraschiva kule Desești

Basi lilitoka Baia Mare, mji wa kaskazini mwa Romania, alfajiri, na tulipofika barabara inapovuka mlima Gutâi, mita 987, ukungu ulikuwa mzito hata barabara haionekani. Tukaanza kuteremka upande wa pili, mara ukungu ukakatika. Bonde zima la Mara likajitandaza chini yetu: nyasi kavu zilizorundikwa mashambani kama vibanda, moshi juu ya mapaa, na katikati ya mialoni mikubwa ncha moja nyembamba, nyeusi, imesimama wima. Mama aliyekaa mbele yangu akafanya ishara ya msalaba mara tatu. Nikajua tumefika Desești.

Ilikuwa tarehe 14 Oktoba, siku ya Mtakatifu Paraschiva. Masalia yake yako Iași, mashariki ya Romania, tangu mwaka 1641, na siku hiyo watu hupanga foleni ndefu huko ili wayaguse. Mimi nilitaka kuiona sikukuu yake kijijini, kwenye kanisa lenye jina lake, na mwenzangu tunayesoma naye Cluj akaniombea mahali pa kulala kwa bibi yake.

"Sărut mâna," nikamsalimu langoni. Maana yake ni "nabusu mkono", na mdogo ndiye humwambia mkubwa, kama shikamoo yetu. Uso wake ukafunguka. Akanishika mashavu kwa viganja vyenye unga, akanitazama kichwani, akaingia ndani na kutoka na kitambaa cheusi cha maua mekundu. Akanifunga mwenyewe, fundo chini ya kidevu, akalikaza mara mbili. Mwanamke mzee huku huitwa mătușă, shangazi, hata kama hamna undugu, nami nikamwita hivyo siku zote mbili.

"Twende, mwanangu. Toaca inalia."

Toaca ni ubao tu, unaogongwa kwa nyundo za mti kuwaita watu ibadani. Unaanza polepole, kisha mapigo yanakimbizana kama ngoma, na mlio wake unapita juu ya makaburi hadi mashambani.

Kanisa lilijengwa mwaka 1770, na ni mojawapo ya makanisa manane ya mbao ya mkoa huu wa Maramureș yaliyoingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 1999. Baba yangu ni seremala, Malindi, kwa hiyo kabla ya kuingia niliziendea pembe za ukuta. Magogo yamelazwa moja juu ya jingine, na kila ncha imechongwa ili ikumbatie mwenzake. Nilipitisha kidole penye kiungo kimoja, ukucha haukuingia. Jengo la zaidi ya miaka 250, na bado vimekamatana hivyo!

Mlango ni mfupi, lazima uiname. Wanawake husimama chumba cha kwanza, wanaume mbele yao, na mbele zaidi ni ukuta wa ikoni, picha takatifu, unaoficha madhabahu. Ndani ni padogo, wengi wakabaki nje chini ya mialoni, wakiitikia kutoka huko: "Doamne miluiește," Bwana uturehemu. Nyumba ya mawe huirudisha sauti. Mbao hizi ziliinywa, kila neno likafika masikioni likiwa laini na karibu, kana kwamba mtu anakuombea wewe peke yako.

Nilikuwa nimesimama chini ya Hukumu ya Mwisho. Michoro ni ya Radu Munteanu, ya mwaka 1780, na nilikuwa karibu nayo hadi nikaona jinsi ilivyofanywa: juu ya nyufa kati ya magogo vimebandikwa vipande vya kitambaa, rangi ikapakwa juu yake, ili ukuta ukijinyoosha na kujikunja mchoro usipasuke. Mahali pengine kitambaa kimebanduka kidogo, nyuzi zinaonekana. Kuna mataifa yanayongoja hukumu, kila taifa na mavazi yake. Kuna maneno pia, na hayo yalinigusa zaidi. Ni Kiromania, lakini kwa herufi za Kisirili, kama zile za Kirusi, maana lugha hii iliandikwa zaidi kwa herufi hizo hadi karne ya 19. Mătușă hawezi kuyasoma. Nikakumbuka tenzi zetu za zamani zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu, Kiswahili kitupu, na wengi wetu tunazitazama tu.

Waumini wa hapa walikuwa Wagiriki-Katoliki, yaani ibada ni ya mashariki lakini Papa wanamkubali. Mwaka 1948 serikali ya kikomunisti ikalipiga marufuku kanisa hilo nchi nzima na kuwapa Waorthodoksi majengo yake. Mătușă alikuwa na miaka saba. Nilimuuliza anakumbuka nini. Akafikiri, akasema, "Kengele ilikuwa ileile."

Baada ya ibada tulikula sarmale, nyama na wali uliofungwa katika majani ya kabichi, na wazee wakanywa horincă, pombe kali ya matunda ya plamu inayotengenezwa majumbani. Vijana walikuwa wachache mno. Wako Italia, Ufaransa, Hispania. Mwanawe mătușă alipiga simu ya video kutoka kwenye ujenzi, bado kavaa kofia ya kazi. Mama hakumwonyesha uso wake. Aliigeuza simu, akainyanyua kwa mikono miwili, akamwonyesha mnara kuanzia chini hadi msalabani, polepole, na mwanawe hakusema kitu.

Kesho yake, maana siku ya sikukuu hakuna anayeshika shoka, jirani mzee alinikaribisha kibandani kwake. Alikuwa anatengeneza vigae vya mbao vya kuezekea lango la uwanja wa kanisa. Haipigi msumeno mbao hiyo. Anatega kisu kipana juu ya kipande cha msonobari, anakigonga kwa rungu, na mti unapasuka wenyewe kwa kufuata nyuzi zake. Msumeno hukata nyuzi, akanieleza, maji yakapata njia. Ukipasua, maji huteleza juu yake hadi chini. Hata hivyo vigae huchakaa, vikabadilishwa. Nikamwambia kwetu pwani makuti nayo ni hivyohivyo, kila baada ya miaka watu hupanda tena juu kuezeka upya. Akauliza makuti ni nini, nikamchorea mnazi kwenye vumbi la mbao.

"Mnao bado watu wa kupanda?" akauliza.

Nikamjibu kwamba bado wapo. Akatikisa kichwa, akanikalisha kwenye benchi la kulainishia, akanipa kisu cha mipini miwili kinachovutwa kuelekea kifuani. Mbao ilinukia utomvu. Nilipomaliza akakipokea kigae, akakipitisha kidole gumba pembeni, akapunguza mahali pamoja palipozidi, kisha akakiweka kwenye rundo pamoja na vyake.