Usiku wa 20 na 5

Mwaka 2014, jioni moja, mtunza ghala wa mteja wetu alinipigia simu kuuliza kwa nini ameletewa maboksi 205. Aliagiza 20, kisha akaongeza 5. Nilijua jibu kabla hajamaliza kusema, maana fomu ile niliiandika mimi.

Mtu akiandika tarakimu kwenye kisanduku cha fomu, kivinjari huipa JavaScript, lugha ya programu inayoendesha kurasa za wavuti, maandishi, si namba. Alama ya kujumlisha ikikuta maandishi upande mmoja, haijumlishi tena, inaunganisha. "20" na 5 vikawa "205". Lau ningetumia alama ya kutoa, lugha hiyohiyo ingeyageuza maandishi kuwa namba na kunipa 15, kimya kimya. Kimya hicho ndicho kilichoniuma kuliko kosa lenyewe.

Kiongozi wa timu yetu, mama tuliyemheshimu sana, aliniona nikifungua faili. "Mwanangu, usirekebishe mstari huo peke yake. Kesho utakuwa mwingine. Leo tafuta lugha nyingine ya kuandikia."

Nikakaa. Sikumlaumu Brendan Eich, aliyeitunga JavaScript pale kampuni ya Netscape mwezi Mei 1995 kwa siku 10 tu. Jinsi alivyoruhusu kazi moja, yaani kipande cha msimbo chenye jukumu lake, ipokee nyingine kama kitu cha kawaida, wazo lililotoka kwenye lugha ya Scheme, naipenda mpaka leo. Tatizo ni kwamba kasoro za siku zile haziondoleki: ukizifuta, kurasa zilizozizoea zinavunjika.

Nilianza na CoffeeScript, lugha inayogeuzwa kuwa JavaScript. Msimbo ukawa mfupi, unasomeka vizuri kweli, lakini 205 ikarudi vilevile. Nikaiacha kabla chai haijapoa.

Lugha ya Dart ilinichukua saa nyingi. Ilinipa onyo papo hapo, na ilikuwa safi kuliko zote nilizojaribu usiku ule. Nilitamani kuichagua. Ila mtambo wa kuiendesha haukuwa ndani ya vivinjari vya watu. Ilibidi igeuzwe kuwa JavaScript kwanza. Tena ingenilazimu kuandika upya kila kitu, maelfu ya mistari, huku wateja wakiendelea kuagiza. Nilikumbuka VBScript ya Microsoft, iliyoishi ndani ya Internet Explorer na kumwacha nje kila aliyetumia kivinjari kingine. Hapo nikaelewa kwamba lugha bora kwetu lazima ikubali kupita mlango uleule wa JavaScript, na iyakague makosa kabla ya kufika mlangoni.

TypeScript, yaani JavaScript iliyoongezewa ukaguzi wa aina za thamani, ilikuwa imetoa toleo 1.0 mwezi Aprili mwaka huohuo. Nilibadilisha mwisho wa jina la faili kutoka .js kuwa .ts, nikatangaza kwamba jumla lazima iwe namba. Mstari mwekundu ukatokea chini ya msimbo wangu: maandishi hayawezi kuwekwa mahali pa namba. Nilimwita Mama. Alivua miwani, akainama karibu na kioo, akausoma ujumbe ule mara mbili.

"Hiki ndicho kingemwambia mapema," alisema, akimaanisha yule mtunza ghala.

Nikaigeuza thamani ya kisanduku kuwa namba, wekundu ukaondoka, jumla ikasoma 25. Yalibaki mafaili 63. Mama akavuta kiti, akaniomba nimfungulie la pili.