Ofa ya kufundisha Thailand: hesabu iliyonichukua wiki tatu

Ofa iliingia WhatsApp saa nne usiku, nikisahihisha insha za Gredi ya 8. "Hongera Mwalimu, umechaguliwa." Kufundisha Kiingereza shule ya msingi kaskazini mwa Thailand, baht 30,000 kwa mwezi, kuanza katikati ya Mei shule zinapofunguliwa kule. Baht moja ilikuwa karibu shilingi 4 za Kenya, kwa hiyo laki moja na elfu ishirini. Mimi nilikuwa mwalimu mwanagenzi wa sekondari msingi hapa Kwale: elfu 20 kwenye karatasi, kama elfu 17 mkononi. Usiku huo nilimjengea mama nyumba, nikaweka na vigae.

Asubuhi niliusoma mkataba upya. Ulikuwa wa miezi 10. Ile likizo ndefu ya Machi hadi Mei hailipwi, na tumbo halina likizo. Baht 300,000 ukizigawa kwa miezi 12 ni 25,000. Nikampigia mwenzangu wa chuoni anayefundisha Isan, kaskazini mashariki mwa Thailand, akanipa bei za mji wake: chumba 5,000, chakula 6,000, pikipiki na simu 3,000. Zinabaki 11,000, yaani kama shilingi 44,000. Wakala aliyeniletea ofa alitaka shilingi 180,000 "za kushughulikia", na tiketi juu yangu, nikaikadiria 80,000. Miezi sita ya mwanzo ningekuwa namfanyia kazi yeye na shirika la ndege.

Nisiseme uongo, hata hivyo hesabu ilikuwa inaniruhusu kwenda. Kwa mshahara wa uanagenzi nilikuwa siweki hata elfu 5 kwa mwezi. Pesa si iliyonizuia.

Kilichonizuia ni jibu moja. Nilimuuliza wakala viza ni ya aina gani. Akasema: "Ingia na ya utalii, kibali tutatengeneza huko huko." Mwenzangu aliposikia alicheka, kisha akanyamaza. Mwalimu anayekwenda kihalali huingia na viza ya Non-Immigrant B, ile ya wanaokwenda kufanya kazi, ambayo huombwa kwa barua za shule yenyewe. Akishafika ndipo shule inamshughulikia kibali cha kazi, na ruhusa ya Baraza la Walimu la kule kama hana leseni. Ukikutwa darasani na viza ya utalii, anayetozwa faini na kurudishwa kwao ni wewe. Wakala yuko Nairobi anakunywa chai.

Jioni nikaenda kwa mjomba Likoni. Mjomba alikuwa baharia miaka mingi, na karatasi za safari anazijua kuliko sisi tuliosoma. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, nikamsomea mkataba wote. Aliuliza mawili tu. La kwanza: "Shule inaitwaje?" Mkataba haukuitaja. La pili: "Ukishuka uwanjani nani anakupokea, na pasipoti atashika nani?" Sikuwa na jibu. "Basi, mwanangu," akasema, "hujapewa kazi bado. Umepewa safari."

Maneno hayo yalinikumbusha habari ambazo sote tulizisoma tukadhani zinawahusu wengine. Tangu mwaka 2022 Wizara ya Mambo ya Nje imekuwa ikiwaonya Wakenya juu ya kazi za Thailand. Vijana walipokelewa Bangkok, wakapelekwa kwa gari hadi Mae Sot mpakani, wakavushwa mto Moei mpaka Myawaddy upande wa Myanmar, wakafungiwa kwenye majengo na kulazimishwa kutapeli watu mtandaoni. Mwanzoni mwa 2025 maelfu walipotolewa humo, Wakenya walikuwemo. Simsingizii wakala wangu kwamba alikuwa mmoja wao. Lakini karatasi yake haikuwa na chochote cha kunionyesha kwamba siye.

Nikamwandikia kwa adabu: jina la shule na mkoa, barua ya mwalimu mkuu, na nizungumze kwa video na mwalimu mmoja aliye pale. Akajibu, "Mwalimu, wengine wanaingojea hii nafasi." Nikamwambia awape. Nilitetemeka nikituma, sitaficha. Mama hakusema kitu, akaniongezea wali.

Mwenzangu ndiye aliyenipa anwani ya shule jirani na yake. Usaili ulikuwa kwa video, saa mbili asubuhi kwetu, saa sita mchana kwao. Mshahara: baht 27,000. Nilinuna kidogo mpaka nilipoona ni wa miezi 12, yaani 324,000 kwa mwaka, kuzidi zile 30,000 za miezi 10. Wakala hakuna. Barua za viza wanatoa wao.

Ila waliniomba matokeo ya mtihani wa Kiingereza, kwa kuwa Kenya haimo kwenye orodha yao ya nchi ambazo Kiingereza ni lugha ya mama. Mimi niliyechapwa shuleni kwa kuzungumza Kidigo, nilipe ada kuthibitisha Kiingereza! Nililipa. Cheti cha tabia njema, kadi ya homa ya manjano, digrii kugongwa mihuri Nairobi: yote yalikula muda, na muhula wa Mei ukanipita. Tukakubaliana Novemba, muhula wa pili.

Viza ilipotoka nilitazama aina yake kwanza, nikaipiga picha na kumtumia mjomba kabla hata ya kumwambia mama.

Mwishoni mwa Oktoba, nikifunga begi, yule wakala alinitafuta tena. "Mwalimu, ile nafasi yako ya Mei bado ipo."