Taa ya ishara ya dashibodi ichukue umeme wapi?

Mtu anapoongeza kifaa cha umeme kwenye gari la zamani, kiwe ni feni ya redieta, taa za ukungu au pampu ya pili ya mafuta, mara nyingi hupenda kuweka pia taa ndogo ya LED kwenye dashibodi ili ajue kifaa hicho kimewashwa. Mazungumzo kuhusu kazi hii huishia zaidi kwenye swali la resista (kijiti kinachopunguza umeme unaopita) ya omu ngapi, ambalo hesabu yake ni nyepesi. Swali zito ni waya wa taa hiyo unachukua umeme wapi, kwa sababu hapo ndipo panapoamua kama taa itasema kweli.

Nichukue mfano wa Hilux yangu ya dizeli, ambayo nimeifungia feni ya umeme ili kusaidia ile inayozungushwa na injini gari linapopanda na mzigo mahali kama Kitonga. Swichi ya dashibodi haibebi umeme wa feni yenyewe. Kazi yake ni kuamsha relei, na relei ndiyo inayoruhusu umeme mkubwa upite kutoka kwenye betri, kupitia fyuzi, hadi kwenye feni. Katika relei ya kawaida ya magari, pini 85 na 86 ni za koili (waya uliosokotwa unaogeuka sumaku na kuvifunga vigusio vya relei), pini 30 hupokea umeme wa betri, na pini 87 huupeleka kwenye kifaa. Fundi mwenye haraka huunganisha taa ya ishara na pini 86, kwa kuwa waya wake tayari umefika kwenye swichi. Taa hiyo itawaka hata kama fyuzi ya feni imekatika, hata kama vigusio vya relei vimeungua, na hata kama mtu ameichomoa relei yenyewe, maana inachoonyesha ni kwamba swichi imebonyezwa, jambo ambalo dereva alikwisha kulijua kwa kidole chake. Kwa hiyo mimi huvuta waya mpya kutoka pini 87, ingawa kazi inaongezeka kwa kuwa ni lazima kupita kwenye ukuta wa injini. Hata hapo taa inathibitisha tu kwamba umeme umetoka kwenye relei. Plagi ya feni ikichomoka mbele ya safari, taa itaendelea kuwaka.

Kasoro ya aina hii imewahi kuwaponza watu wenye vyombo vikubwa kuliko Hilux. Tarehe 28 Machi 1979, katika kituo cha nyuklia cha Three Mile Island, Pennsylvania, valvu ya kupunguza shinikizo ilikwama ikiwa wazi, ilhali taa yake katika chumba cha udhibiti ilikuwa imezimika. Taa hiyo ilionyesha kama umeme wa kuiamuru valvu ulikuwepo au haukuwepo, haikuonyesha hali ya valvu yenyewe, na wahudumu wakaamini kwamba imejifunga huku maji ya kupoza kinu yakiendelea kutoka.

Sasa resista. Gari la volti 12 huwa na takriban volti 14.4 injini inapounguruma na alteneta inapochaji, na hesabu ifanywe kwa kiwango hicho. LED nyekundu hutumia volti 2 hivi, ya buluu au nyeupe hutumia kama 3.2, na kinachobaki ndicho resista inachobeba. Watu wengi hulenga miliampea 15, ambayo kwa LED nyekundu hudai omu 820. Mwanga wake ni wa kuumiza macho usiku. LED za siku hizi huonekana vizuri kwa miliampea 2 au 3, kwa hiyo mimi hutumia omu 4,700, thamani ambayo ina faida nyingine: hata umeme ukiruka ghafla hadi volti 80, jambo linaloweza kutokea waya wa betri ukilegea wakati alteneta inachaji, LED haitapata zaidi ya miliampea 17. Resista hiyohiyo inafaa pia kwenye lori la volti 24.

Mahali pa kuiweka resista nako kuna hoja. Waya mwembamba wa taa, uliounganishwa na njia yenye fyuzi ya ampea 20, unaweza kuungua wote kabla fyuzi haijakatika endapo utachunika na kugusa bodi. Lakini resista ikifungwa palepale waya unapochukulia umeme, karibu na relei, na si nyuma ya dashibodi kama ilivyozoeleka, waya wote unaofuata hauwezi kupitisha zaidi ya miliampea 3 hata ukigusa bodi moja kwa moja. Ni kinga ya bei ya pipi. Kwenye maungio hayo napendelea terminali iliyobanwa kwa plaizi yake kuliko kulehemu, kwa sababu waya uliolehemiwa hukakamaa na hatimaye hukatwa na mtikisiko.

Feni inapozimwa, mota yake hurudisha msukumo wa umeme wa kinyume, na LED nyingi hazivumilii zaidi ya volti 5 za kinyume. Dayodi moja ya 1N4007, kifaa kinachopitisha umeme upande mmoja tu, ikifungwa sambamba na LED lakini kwa kuielekeza upande wa pili, hulimaliza tatizo hilo.

Onyo langu moja ni kuhusu taa nyekundu ya betri. Katika alteneta nyingi za zamani, balbu ile si ishara tu: umeme unaopita ndani yake, karibu ampea 0.17 kwa balbu ya wati 2, ndio unaoiamsha alteneta ianze kuchaji. Anayeitoa na kuweka LED peke yake anaweza kukuta gari halichaji mpaka injini ivumishwe sana, au halichaji kabisa. Ni lazima resista ya omu 68 yenye uwezo wa wati 5 ifungwe sambamba na LED hiyo pamoja na resista yake. Kwa maoni yangu, balbu iachwe.

Kuhusu rangi, buluu ibaki kwa taa za fuli na nyekundu kwa hatari. Ya feni yangu ni kijani.

Kabla paneli haijarudishwa, washa swichi, acha feni izunguke, kisha chomoa fyuzi ya feni. Taa iliyounganishwa na pini 86 haitajali. Iliyounganishwa na 87 itafifia taratibu badala ya kuzimika papo hapo, kwa kuwa mota inayoendelea kuzunguka kwa nguvu iliyobaki hugeuka kuwa jenereta ndogo, na taa hufa pale mapanga yanapokaribia kusimama.